Boti ya umeme ya rimoti: kasi hutafutwa tezini

Anayeanza kuunda boti ya rimoti ya mwendo kasi huuliza kwanza anunue mota gani. Swali si baya, ila mota za siku hizi zisizo na brashi zina nguvu ya kutosha na ya kubaki. Chukua boti mbili zenye mota sawa, betri sawa na bodi zilizotoka kwenye kalibu moja. Moja itateleza juu ya maji ikigusa sentimita chache tu za nyuma, nyingine italima maji huku mota ikiungua. Tofauti huwa ni milimita mbili tatu kule tezini, yaani nyuma ya boti: kimo cha shafti, pembe yake, makali ya propela, ukali wa kingo za bodi. Huko ndiko makala haya yatakakokaa zaidi.

Mfano tutakaoutumia ni bodi ya faiba yenye mkuku (uti wa chini wa boti) wa umbo la V, urefu wa milimita 730, betri za LiPo (lithiamu polima) za 4S, yaani seli nne kwa mfululizo, mota ya kipenyo cha milimita 36, na shafti inayotoka tezini ili propela izunguke nusu ndani ya maji, nusu hewani. Ikiwa tayari kuingia majini, boti kama hii iwe na uzito wa karibu kilo 2.5. Katamarani, boti ya bodi mbili zilizounganishwa, ina mambo yake, hasa hewa inayoinyanyua kutoka chini, lakini mengi ya hapa yanaihusu pia.

Hesabu kabla ya kununua

Namba ya KV kwenye mota ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Betri ya 4S ina volti 14.8 za kawaida, kwa hiyo mota ya KV 2,000 inatoa mizunguko 29,600. Kwa boti ya ukubwa huu kati ya 28,000 na 33,000 panatosha. Ukiingia majini mzigo unaishusha hadi kama 25,000.

Sasa propela. Kila propela ina kipenyo na pichi, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Propela ya milimita 40 yenye uwiano wa 1.4 ina pichi ya milimita 56. Zidisha: 25,000 mara milimita 56 ni mita 1,400 kwa dakika, sawa na kilomita 84 kwa saa. Toa asilimia 15 za kuteleza, unabaki na takriban 71. Ukipima kwa GPS ukapata 50, usikimbilie kubadilisha mota. Ama propela inateleza kupita kiasi, ama bodi imezama, ama mota imeelemewa na haifiki kwenye mizunguko yake.

Hesabu ya pili ndiyo inayookoa pesa. Nguvu inayohitajika kuzungusha propela hupanda kwa kipeo cha tatu cha mizunguko, na kwa kipeo cha tano cha kipenyo. Kutoka milimita 40 kwenda 42, kwa umbo lile lile, ni ongezeko la karibu asilimia 28 za mzigo. Kuongeza mizunguko kwa asilimia 10 ni ongezeko la asilimia 33. Ndiyo maana mtu anaongeza "kidogo tu" kisha kidhibiti mwendo kinatoa moshi. Anza na propela ndogo, ya milimita 38, upande taratibu.

Kidhibiti mwendo, kile ambacho wauzaji hukiandika ESC, kiwe cha kupozwa kwa maji na cha ampea 120 hadi 150. Kwenye betri, namba ya C, yaani ampea inazoweza kutoa ni mara ngapi ya ujazo wake, ichukuliwe kwa tahadhari. Betri ya mAh 5,000 yenye C 50 inadai ampea 250. Panga matumizi yako kwenye nusu ya hapo.

Bodi: kunyoosha chini, kunoa kingo

Bodi mpya haijanyooka hata kama inang'aa. Igeuze, weka rula ya chuma sambamba na mkuku kwenye milimita 200 za mwisho, umulike kwa taa kutoka upande wa pili. Mwanga ukipenya katikati, pana bonde, na boti itainamisha omo, yaani pua yake ya mbele. Rula ikibembea, pana kilima, na boti itadundadunda kila ikishika kasi. Bonde linajazwa kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa kujazia. Kilima kinasuguliwa kwa msasa namba 240 uliobandikwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka. Usisugue kwa vidole vitupu, vitafuata mawimbi yale yale unayotaka kuyaondoa.

Kisha kingo. Pale chini ya bodi inapokutana na ukuta wa tezi, maji yanatakiwa yaachane na bodi ghafla. Ukingo ukiwa wa mviringo, kama zinavyotoka bodi nyingi kwenye kalibu, maji yanaufuata kwa kupanda juu na kuivuta tezi chini. Bandika utepe laini wa plastiki nyuma ya ukuta wa tezi ukitokeza kidogo kama kizuizi, jaza epoksi nzito, ikikauka bandua na sugua hadi ukingo ushike ukucha. Fanya hivyo hivyo kwenye kingo za ubavuni na zile mbavu nyembamba zinazotokeza chini. Ni kazi ya jioni nzima na haionekani kwenye picha, lakini hakuna kitu kingine kwenye boti kinachotoa faida kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Ndani, popote gundi itakapokaa pasuguliwe kwa msasa namba 80 au 120 na kufutwa kwa asetoni. Faiba laini haishiki epoksi, na mota iliyong'oka ikiwa kwenye mizunguko 25,000 inaondoka na kila kitu. Jaza omo sponji isiyonyonya maji, ya kutosha kuielesha boti hata ikijaa. Ukitaka kujua kama inatosha, izamishe kwenye beseni kabla hujaipeleka bwawani.

Shafti na struti

Shafti ya boti hizi ni waya wa chuma uliosokotwa, kwa kawaida wa milimita 4, unaopita ndani ya bomba la shaba lenye utando wa tefloni. Mbele unashikwa na koleti ya mota. Nyuma umelehemewa kishafti kigumu kinachopita kwenye struti, kile kipande cha alumini chenye bushi kinachoning'inia nyuma ya tezi. Angalia msokoto wa nyuzi za nje: mota ikizunguka, nyuzi zijikaze. Zikijifungua, shafti itavimba ndani ya bomba na kukatika.

Bomba lipinde kwa upole, bila kona. Kabla ya gundi, funga kila kitu na uzungushe shafti kwa vidole viwili. Ikiwa kuna sehemu moja nzito katika kila mzunguko, mota haijalingana na bomba, au waya umepinda. Usijiambie kwamba mota itashinda. Uzito huo utakuwa joto, na joto utalikuta kwenye koleti, kwenye bushi na mwishoni kwenye betri. Mota ishikwe na skrubu kwanza, bomba liingie lenyewe kwenye mstari wake bila kusukumwa, ndipo epoksi iwekwe.

Kosa linalorudiwa mno liko hapa: nafasi kati ya struti na kile kikombe chenye meno kinachoisukuma propela. Waya uliosokotwa hufupika unapobeba mzigo. Acha milimita 3 hadi 4. Ukikaza bila nafasi, ukibonyeza rimoti hadi mwisho kikombe kinavutwa dhidi ya struti, kinasaga bushi, na ampea zinapanda bila sababu unayoweza kuiona nje. Watu wengi wamelaumu betri kwa ajili ya jambo hili.

Struti ianzie hapa: mstari wa katikati wa shafti ulingane na sehemu ya chini kabisa ya mkuku, na pembe iwe sifuri, yaani shafti sambamba na mkuku. Weka boti kwenye meza tambarare na upime kwa rula mbele na nyuma ya struti, macho hayatoshi. Chora alama ya kalamu kwenye bano lake ili ujue ulipoanzia.

Usukani ukae pembeni, kando ya mkondo wa propela, ubao wake ukisimama wima na ncha ya mbele ikiwa kali. Tumia servo (mota ndogo inayogeuza usukani) yenye gia za chuma na fimbo ya milimita 2 au zaidi, fupi kadiri iwezekanavyo. Fimbo nyembamba hupinda kwenye kasi, na boti huanza kuchagua njia yake. Skrubu inayoshikilia ubao wa usukani chini iwe ya nailoni, ikatike usukani ukigonga gogo, badala ya kung'oa ukuta wa tezi.

Propela

Propela za mashindano za shaba ya berili huja zikiwa nzito na butu, jinsi zilivyotoka kwenye kalibu. Haziko tayari. Zinatakiwa kunolewa, kusawazishwa na kung'arishwa, kwa mpangilio huo.

Onyo kwanza, na lisipuuzwe: vumbi la berili ni sumu ya mapafu. Sugua propela ikiwa imelowa, chini ya maji au mafuta, vaa barakoa ya vumbi, usitumie mashine ya kasi inayorusha unga hewani, na futa meza kwa kitambaa kilicholowa. Asiyetaka shida hiyo achukue propela ya chuma cha pua au ya kaboni.

Noa ukingo wa mbele wa kila jani kwa tupa ndogo. Ondoa nyama upande wa mgongo, ule unaotazama boti, ukiacha uso unaosukuma maji jinsi ulivyo. Ukigusa uso huo umebadilisha pichi bila kujua. Baada ya tupa fuata msasa 400, halafu 800, halafu 1,200. Kisha iweke kwenye mhimili wa kusawazishia wa sumaku. Jani linaloshuka ndilo zito. Lipunguze mgongoni, karibu na katikati, kidogo kidogo, hadi propela isimame popote unapoiacha. Propela isiyosawazishwa hula bushi na kuchosha beringi za mota, na unaweza kuisikia: boti inalia kwa mngurumo badala ya mluzi.

Propela ikionekana kubwa mno kwa mota yako, si lazima ununue nyingine. Kukata kidogo ukingo wa nyuma wa majani hupunguza mzigo, mradi ukate sawa pande zote mbili ukitumia kiolezo cha karatasi ngumu, na usawazishe upya.

Umeme na maji ya kupoza

Nyaya za betri ziwe fupi. Ukilazimika kurefusha, refusha zile tatu kati ya kidhibiti na mota, si zile mbili za betri. Nyaya ndefu za betri huleta mawimbi ya volti yanayopasua kapasita za kidhibiti. Ikiwa hakuna njia nyingine, ongeza kapasita za upinzani mdogo, za volti 35, karibu kabisa na kidhibiti, chanya kwa chanya. Viunganishi viwe vya milimita 5.5 au XT90. Kimoja kikiwa moto kuliko vingine baada ya mzunguko, risasi haikuingia vizuri, lehemu upya.

Maji yachukuliwe kwenye tundu la usukani, yapite kwenye kidhibiti kwanza, kisha kwenye mota, yatokee ubavuni ambapo utayaona ukiwa ufukweni. Kidhibiti kinapata maji baridi zaidi kwa sababu ndicho kinachokufa mapema. Mchirizi wa maji ukikatika, rudisha boti mara moja, kuna jani kwenye tundu.

Kwenye mipangilio ya kidhibiti: kwenda mbele tu, breki imezimwa, betri ikate kwenye volti 3.3 kwa seli, na taimingi (kiasi ambacho kidhibiti huwahisha umeme kwenye mota) ya chini. Taimingi kubwa huongeza mizunguko kidogo na joto sana. Antena ya risiva isimame juu ya usawa wa maji, na kama bodi ni ya kaboni itoke nje, kwa sababu kaboni huziba mawimbi ya 2.4 GHz. Kabla ya safari ya kwanza zima rimoti boti ikiwa mkononi, propela imevuliwa: mota isimame. Isiposimama, boti haiendi popote.

Majini

Kitovu cha uzito kiwe asilimia 30 ya urefu wa bodi kupimwa kutoka ukuta wa tezi. Kwa bodi yetu ni kama milimita 219. Ibebe kwa vidole viwili pale, betri zikiwa ndani na kifuniko kimefungwa. Betri mbili za 2S, moja kila upande zikiunganishwa kwa mfululizo, ni rahisi kuzisogeza kuliko moja kubwa ya 4S.

Safari ya kwanza isizidi sekunde 40. Rudisha, fungua, pima kwa kipimajoto cha miale: mota isivuke 70°C, kidhibiti 60°C, betri 50°C. Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu zikikaribia 80°C, na nguvu hiyo hairudi yote mota ikipoa. Vyote vikiwa vuguvugu tu, endelea kwa dakika moja na nusu, kisha pima tena.

Badilisha kitu kimoja kila mara, uandike. Ukisogeza betri na struti kwa pamoja, hutajua kipi kilisaidia.

Omo ikidundadunda kama pomboo, sogeza betri mbele milimita 5 hadi 10. Ikiendelea, angalia pembe ya struti. Propela ikielekea juu husukuma tezi chini na kuinua omo; ikielekea chini huinua tezi na kulaza omo. Nusu digrii inaonekana. Vibao vidogo vilivyo nyuma ya tezi navyo hulaza omo vikishushwa, lakini vina gharama: vinagusa maji muda wote na vinakula kasi. Tumia betri na struti kwanza, vibao mwisho.

Boti ikiwa imelala bapa, imelowa hadi katikati, na betri zinaisha haraka, uzito uko mbele mno au vibao vimeshuka mno. Rudisha betri nyuma.

Ikiyumba kushoto na kulia kwenye kasi, kutoka ubavu hadi ubavu, mara nyingi propela iko chini mno na inainua tezi hadi bodi inasimama juu ya mkuku peke yake. Pandisha struti milimita 1. Kingo butu husababisha yumbo hilo hilo. Kinyume chake, ukibonyeza na propela ikazunguka kwenye povu bila boti kuondoka, struti iko juu mno.

Kuegemea upande mmoja ni msukumo wa mota. Propela nyingi za boti za shafti moja huzunguka kinyume cha saa ukizitazama kutoka nyuma, kwa hiyo bodi hujisokota kwenda upande wa pili na ubavu wa kulia unashuka. Sogeza betri upande wa kushoto, au shusha kibao cha kulia kwa kiasi kidogo sana. Propela hiyo hiyo huivuta tezi kushoto, na boti hutaka kukata kulia. Hilo linarekebishwa kwa usukani.

Kwenye kona usiiachie rimoti yote ghafla. Omo itashuka, ukingo wa mbele utashika maji, na boti itazunguka au kubingirika. Punguza kabla ya kona, shikilia nusu hadi itoke. Ukiwa na upepo wa mbele punguza pia: hewa ikiingia chini ya omo, boti iliyorekebishwa kwa wepesi hupinduka kinyumenyume. Maji yenye viwimbi vidogo ni bora kwa boti hizi kuliko maji yaliyotulia kabisa, ambayo hunata kwenye bodi.

Ampea za wastani unaweza kuzijua bila kifaa cha kurekodi. Endesha dakika 2 kamili, kisha angalia chaja imerudisha kiasi gani. Ikirudisha mAh 2,400, wastani ni ampea 72. Kwa betri ya 5,000 ukitumia asilimia 80 tu, una dakika 3 na sekunde 20. Weka saa ya rimoti ilie kwenye dakika 3, kwa sababu boti iliyokata umeme katikati ya bwawa haifuatwi kwa kuogelea. Tumia kayaki au ndoano ya kuvulia yenye mpira wa tenisi mwishoni mwa uzi.

Mkirudi, chomoa betri kwanza, kabla ya mkono wowote kukaribia propela. Vuta shafti yote nje, ifute, ipake grisi ya baharini, irudishe na upime tena ile nafasi ya milimita 3. Kama maji yalikuwa ya chumvi, suuza kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi na utie tone la mafuta kwenye beringi za mota. Acha kifuniko wazi usiku mzima, na betri zisikae zimejaa wala tupu: zirudishe kwenye volti 3.8 kwa seli, ndani ya chombo kisichoshika moto.